Chepe, Toroli na Shukrani

Kila mwezi ukurasa huu huzungumzia ugonjwa fulani: dalili zake, tiba yake na jinsi ya kuuepuka. Safari hii tumeona tuzungumzie watu. Tuna deni ambalo limekaa muda mrefu bila kulipwa, nalo ni deni letu sisi wauguzi na wakunga, na bila shaka ni lako pia unayesoma ukurasa huu ukiwa mzima. Wanaotudai ni wale wakazi wa mtaa ambao Jumamosi asubuhi, wengine tukiwa bado ndani ya shuka, wamekwisha kukunja suruali na kufunga kanga viunoni, wako ndani ya mtaro wakitoa tope.

Wodini kwetu kila mgonjwa ana faili. Rejista ya wagonjwa wa nje hutueleza wangapi wamekuja na homa, wangapi na kuhara, wangapi wamelazwa, na wangapi, kwa bahati mbaya, hawakurudi nyumbani. Lakini hakuna rejista ya mtu ambaye hakuugua. Mtoto ambaye hakuhara mwezi Aprili kwa sababu maji ya mvua yalipita mtaroni badala ya kupita chooni na kisha kisimani, huyo haandikwi popote. Ndiyo maana daktari hushukuriwa, muuguzi huletewa kuku na mkungu wa ndizi, na yule mama aliyezibua mtaro hupita njiani bila hata kuitikiwa salamu, tena wengine wakiziba pua.

Kwa nini mtaro ni kazi ya hospitali

Pengine utauliza, je, wauguzi na mitaro wapi na wapi? Tueleze kidogo.

Mbu hupita katika hatua nne: yai, kiluwiluwi, buu na mbu kamili. Hatua tatu za kwanza zote ziko majini. Katika joto la pwani na mijini safari hiyo yote humalizika kwa muda usiozidi wiki mbili, na mara nyingine katika siku saba au nane tu. Kwa hiyo dimbwi linalofukiwa au mtaro unaozibuliwa kila wiki huwakatia mbu safari kabla hawajaota mabawa. Ukizibua mara moja kwa mwaka, siku ya wageni wa serikali, umewapunguzia usumbufu wa juma moja tu.

Tena mbu si wa aina moja. Anofelesi, anayeeneza malaria, hupenda maji yaliyotulia na yenye mwanga wa jua, kama yale ya kwenye nyayo, matuta ya mboga na mashimo ya kufyatulia matofali, wala hakatai mtaro ulioziba. Kuleksi hufurahia maji machafu ya vyoo na makaro, na mijini huyo ndiye anayeeneza matende na mabusha. Yuko pia Aedesi, anayeuma mchana, mwenye madoa meupe miguuni, ambaye huzaliana katika matairi, makopo na mitungi isiyofunikwa. Huyu ndiye aliyeleta homa ya dengi iliyowasumbua wakazi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Chandarua hutukinga usiku. Mchana tunakingwa na jirani aliyeinama kumwaga maji ya tairi.

Halafu kuna kipindupindu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar, na waliougua walizidi 20,000. Kipindupindu hakihitaji mbu. Kinahitaji kinyesi cha mtu mmoja kifike kinywani mwa mwingine, na mafuriko huifanya kazi hiyo kwa wepesi wa kutisha. Mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kukaukiwa maji na kufa katika saa chache. Jirani anayejua kuchanganya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, akamnywesha mgonjwa kidogo kidogo huku bajaji ikitafutwa, amefanya kazi ya hospitali kabla ya hospitali. Wengi waliotufikia wakiwa hai walifika kwa sababu ya jirani wa namna hiyo.

Walivyofanya Dar es Salaam

Tunautaja mji wa Dar es Salaam kwa sababu kazi ya wakazi wake katika jambo hili inajulikana vizuri, na imedumu miaka mingi kiasi cha kutuonyesha faida na ugumu wake.

Hanna Nassif ni eneo la Kinondoni linaloteremka kuelekea bonde la Mto Msimbazi. Lilijengwa kama yalivyojengwa maeneo mengi ya miji yetu: nyumba zilitangulia, barabara na mitaro ikaja kufikiriwa baadaye. Mvua zilipokuja, maji hayakuwa na njia yake, yakajitafutia njia kupitia vyumba vya watu. Wakazi wakaunda chama chao cha maendeleo, na kuanzia mwaka 1994, kwa ushirikiano na serikali, Shirika la Kazi Duniani, Mpango wa Maendeleo wa Umoja wa Mataifa na mfuko wa Ford Foundation, wakaanza kujenga mitaro ya maji ya mvua na kutengeneza njia za mtaa. La pekee ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wakazi wenyewe, wake kwa waume, badala ya kuachiwa matingatinga. Chama chao hakikukaa pembeni kama mtazamaji. Kilikuwa mshiriki katika kupanga na katika kutekeleza.

Ni kweli kwamba kibarua hulipwa siku anayochimba. Lakini vikao vya jioni, kumbembeleza mwenye nyumba asogeze ukuta ili mtaro upite, kutembea mlango kwa mlango kukusanya mchango, kusikiliza matusi ya yule ambaye mtaro unapita kwake badala ya kupita kwa jirani, hayo nani huyalipa? Kila tunapoona mtaro wa saruji katikati ya nyumba zilizobanana, tujue kwamba saruji ilikuwa sehemu rahisi.

Kazi ya mbu nayo ina historia yake. Kati ya mwaka 1988 na 1996 Japani ilisaidia mpango wa kudhibiti malaria mijini, Dar es Salaam na Tanga, na usafishaji wa mitaro ulikuwa sehemu ya kazi hiyo. Mwaka 2004 Jiji la Dar es Salaam likaanzisha mpango mwingine, na safari hii mzigo mkubwa ukawekwa mabegani mwa watu wa mitaani. Walichaguliwa kupitia uongozi wa mitaa yao wenyewe. Kila mmoja alipewa eneo lake kwa kufuata mashina ya nyumba kumi (ambazo, kama ujuavyo, mara nyingi si kumi tena, ni zaidi sana), na kila wiki alipita kiwanja kwa kiwanja akichungulia kila dimbwi, kila karo, kila jaruba la mchicha, na kuandika alichokikuta. Kuanzia mwaka 2006, katika kata za Buguruni, Kurasini na Mikocheni, wakaanza pia kutia dawa ya kuua viluwiluwi, dawa inayotokana na bakteria na isiyomdhuru binadamu. Watafiti walipopima damu walikuta kwamba maambukizi ya malaria kwa watoto wadogo yamepungua.

Watu hao walipewa posho, lakini ilikuwa ndogo. Mtu hawezi kuingia uani mwa jirani kila wiki, akabishiwa mlango, akafukuzwa na mbwa, akaulizwa "kwani wewe nani?", kwa ajili ya posho ya aina ile peke yake. Kuna kitu kingine kinachomsukuma, na kitu hicho ndicho tunachokishukuru.

Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, ambapo watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini humo na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, ilionekana wazi kwamba hata kujua maji yanapita wapi ni tatizo. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Vijana wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walizunguka mitaani pamoja na wakazi, wakichora mitaro, njia na nyumba ambazo hazikuwa katika ramani yoyote. Mzee wa mtaa alionyesha kwa mkono ukutani: maji yalifika hapa. Kijana akaandika. Huo nao ni mchango, ingawa mzee hakushika chepe.

Lakini tusidanganyane. Chama cha wakazi hakiwezi kuuzuia Mto Msimbazi. Mtaro mkubwa, daraja, gari la kunyonya maji machafu, mahali halali pa kutupa taka, hayo ni ya halmashauri na serikali, na hakuna wingi wa machepe utakaoyafidia. Tunasikitika tunapoona kiongozi akiwasifu wanaojitolea ili apate kusahau kuleta gari la taka. Wakazi wakishatoa tope mtaroni na tope likaachwa pembeni wiki tatu, mvua hulirudisha lilikotoka, na pamoja nalo hurudi ile ari waliyokuwa nayo, ikiwa imelowa.

Wanaostahili kutajwa

Tukisema wanaojitolea, wengi hufikiria vijana wenye nguvu. Hao wapo, na tunawashukuru. Lakini chama cha wakazi husimama kwa miguu mingi. Yupo mwalimu mstaafu anayetunza daftari la wanachama kwa mwandiko mzuri ambao sisi wa hospitali hatuna. Yupo fundi baiskeli aliyeazima toroli lake na kulipokea limepinda, akalinyoosha, akaliazima tena. Yupo mama ntilie anayepika uji wa wachimbaji na kudai pesa ya sukari tu. Yupo dereva wa bajaji ambaye namba yake ya simu imeandikwa nyuma ya milango mingi, na ambaye saa nane ya usiku humleta mama mwenye uchungu bila kuuliza kwanza nauli. Yupo mwenye duka anayetoa dawa ya klorini kwa mkopo kipindupindu kinapoingia, akijua kabisa mkopo huo utalipwa polepole.

Yupo pia mweka hazina. Huyu tunamwonea huruma kuliko wote. Shilingi elfu moja moja za kaya mia mbili zinapita mikononi mwake, na kila anaponunua nguo mpya mtaa mzima unahesabu. Tumsaidie: hesabu ziandikwe na kubandikwa ukutani mahali pa wazi kila mwezi, zikionyesha kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Ni kinga nzuri kwa fedha, na ni kinga kwa jina la mtu.

Na yupo yule bwana ambaye hajawahi kushika chepe lakini hukosoa jinsi wengine wanavyolishika. Huyo hatumshukuru. Tunamkaribisha.

Tuwalinde waliotulinda

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kama wauguzi, hatuwezi kulipita. Watu hawa huumia kwa ajili yetu. Huja kwetu na nyayo zilizochanwa na chupa, vidole vilivyotobolewa na misumari, miwasho, homa. Wengi huja wakiwa wamechelewa, kwa sababu waliona aibu kulalamikia kidonda wakati kazi ilikuwa ya kujitolea. Kama kweli tunataka kuwashukuru, tuanzie miguuni.

Mabuti ya mvua na glovu nene za mpira si anasa. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya mguu peku, hunyonya damu tumboni, na baada ya miezi mtu aliyekuwa na nguvu huanza kuhema akipanda ngazi. Vijidudu vya kichocho hungoja katika maji ya mabwawa na mito inayotembea polepole, navyo hupenya ngozi bila mtu kusikia kitu. Chama chenye wachimbaji ishirini hakihitaji jozi ishirini za mabuti, kwa kuwa wote hawaingii mtaroni kwa wakati mmoja. Jozi sita au nane za ukubwa mbalimbali, zikioshwa na kuanikwa baada ya kila zamu, zinatosha kuanzia. Familia tatu zikichangia jozi moja, hakuna atakayelala na njaa.

La pili ni panya. Mkojo wa panya na wanyama wengine unaweza kubeba vijidudu vya ugonjwa wa leptospirosisi, ambao Watanzania wengi tulianza kuujua kwa jina la homa ya mgunda mwaka 2022, ulipojitokeza Ruangwa mkoani Lindi na kuua watu watatu. Vijidudu hivyo huishi katika maji na tope, na huingia kupitia michubuko ya ngozi, macho au mdomo. Dalili huanza kama za malaria: homa ya ghafla, kichwa, maumivu makali ya misuli hasa ya ndama na mgongo, macho mekundu. Baadaye macho yanaweza kuwa ya manjano na mkojo kupungua. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa za kuua bakteria zikianzwa mapema. Kwa hiyo, ndugu uliyefanya kazi mtaroni, ukipata homa ndani ya wiki mbili au tatu baada ya kazi, usiishie kupima malaria na kurudi nyumbani. Mwambie aliyekupokea, waziwazi, "Nilikuwa nasafisha mtaro." Maneno hayo machache yanaweza kubadilisha matibabu yako.

Mwenye kidonda kibichi asiingie majini siku hiyo. Mpeni daftari, mpeni uji apike, mpeni kazi ya kuwasihi wenye maduka. Wote wanaotoka mtaroni wanawe kwa maji safi na sabuni kabla hawajashika kikombe, na ndoo ya kunawia iwepo tangu asubuhi, isianze kutafutwa wakati watu wamekwisha kukaa kula. Sindano zilizotupwa zisiokotwe kwa mkono, hata wenye glovu. Tumieni koleo la jikoni lililostaafu, mzitie katika chombo kigumu chenye mfuniko, na mtuletee sisi tujue la kufanya nazo.

Kuchoka kwao

Tumeona vyama vingi vikianza kwa ngoma na kufa kimyakimya. Mara nyingi havikufa kwa kukosa fedha. Vilikufa kwa sababu mtaa wa kaya mia mbili ulikuwa na watu saba wanaofanya kazi, watu wale wale, mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wa kwanza alihama, wa pili akauguza, wa tatu akasema inatosha. Mtaro ukajaa tena. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na mitaro ilipata nafuu, lakini chupa za maji na nepi za kutupa hazikusikia tangazo hilo.

Kwa hiyo shukrani tunayoiomba kutoka kwa familia zetu ni ya zamu. Kaya moja, Jumamosi moja kwa kila miezi miwili. Asiye na nguvu alete mtu, asiye na mtu alete sabuni. Wale saba wapewe angalau mwezi mmoja wa kupumzika kwa mwaka, na wasiombwe kuja "kuonyesha tu" katika mwezi huo, maana tunawafahamu, watakuja na kubaki hadi jioni. Mmoja wao akilazwa, mtaa uulize ada yake ya hospitali imefikia wapi kabla hajaanza kuuza kuku wake. Akifiwa, wachimbaji wenzake wasiwe peke yao wanaochimba na huko nako.

Nao wakubali kushukuriwa. Wengi wao, ukiwaambia ahsante, hujibu "hamna kitu" na kuinama tena. Si hamna kitu. Tuko hapa na vitanda vyetu, tunajua ni vingapi vilikuwa na watoto wawili wawili katika misimu ya mvua ambayo hakuna aliyezibua, na ni vingapi vilikuwa na mmoja mmoja katika misimu ambayo walizibua.

Limebaki jambo moja la kufanya mwezi huu, kabla mvua hazijaanza. Pepopunda huingia kwa msumari na kipande cha bati, na chanjo yake ipo. Akina mama wengi walichanjwa walipokuwa wajawazito, na kadi zao zitaonyesha mara ngapi. Wanaume wengi wazima hawajapata chanjo hiyo tangu utoto, au hawajaipata kabisa. Asiyewahi kuchanjwa huchomwa sindano ya kwanza, ya pili baada ya wiki nne, na ya tatu miezi sita au zaidi baada ya ile ya pili, zinazofuata mtaelezwa. Katibu wa chama aandike majina ya wote wanaoingia mtaroni, aende nayo kituo cha afya kilicho karibu, aulize siku ya chanjo na utaratibu wake, kisha mje kwa kundi. Kwa kundi hakuna anayepata nafasi ya kutoroka. Na akina baba tunawaomba waje wenyewe, wasimtume mama na kadi.